Sandwichi Isiyojua Kusema Karibu

Mfyuuu! Niacheni nisonye kwanza, ndipo nieleze.

Juzi saa saba mchana tuko kijiweni kwetu Ilala, chini ya mkungu, jua limetukaa utosini na kahawa ya pili haijashuka kooni, akatokea mpwa wake Fundi. Huyu ndiye tunayemwita Mmarekani. Ana miaka kumi na moja New York, kazi yake kusambaza vyakula kwa baiskeli ya umeme, na amekuja likizo kwa ajili ya arobaini ya shangazi yake. Mkononi kashika mkate uliofungwa karatasi, anakuja huku anatafuna. Akatufikia, akatusalimu, "Shikamooni wazee," shavu moja limevimba, akajibanza kwenye benchi kati yangu na Mwalimu, akaendelea na kazi yake. Tukamtazama. Akamaliza. Akaifinyanga karatasi, akafuta midomo kwa kiganja.

Watu saba benchini, na hakutamka karibu!

Najua mtasema karibu ni neno tu. Ndiyo, ni neno tu, na ndiyo maana haligharimu kitu. Ukinikuta nakula nasema karibu, wewe unajibu starehe, shughuli imeisha. Tonge langu liko palepale. Yule anayeidaka karibu ya watu akakimbilia kunawa tunamjua, kila mtaa unaye mmoja, na jina lake analo. Lakini karibu isipotamkwa, chakula kinakuwa kama kimeibwa. Mtu anageuka mwizi wa chakula chake mwenyewe.

Mzee wa Redio hakuvumilia. Huyu husikiliza taarifa za habari kutwa, na maswali yake huwa na ncha.

"Mwanangu, hicho ulichokuwa unakula ni dawa?"

"Hapana babu, ni sandwichi."

"Maana umekula kama mtu aliyeambiwa na daktari asimwonjeshe mtu."

Kijana akacheka, akatueleza alikoinunua. Kuna duka jipya la vioo kule mjini, lina kiyoyozi na muziki wa taratibu. Unachagua mkate, unachagua nyama, wanakufungia unaondoka. Ndani mlikuwa na kuku wa baridi, jani la saladi, nyanya na jibini. Shilingi elfu kumi na nane. Kijiwe kikanyamaza. Dogo wa bodaboda, ambaye hesabu za nauli zimemnoa, ndiye aliyezinduka wa kwanza: kwa Mama Wali hapo ng'ambo ya barabara, sahani ya wali, maharage na mchicha ni elfu mbili na mia tano. Elfu kumi na nane ni sahani saba, na mia tano inabaki ya kahawa. Akatuhesabu kwa kidole: Mzee wa Redio, Mwalimu, Shehe, Fundi, muuza kahawa, mimi, na yeye mwenyewe.

"Kaka," akasema, "umetula wote hapa."

"Kuku wa baridi," Shehe akarudia polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Mmarekani akajitetea kwamba hiyo ni bei ya huruma. New York, akasema, lipo duka moja maarufu, Katz's, mtaa wa Houston, pande za Lower East Side, sandwichi yake ya pastrami inapita dola ishirini na tano. Zaidi ya elfu sitini za kwetu, kwa mkate mmoja! Na duka lenyewe si la jana, lilianza 1888.

Hapo Mwalimu akavua miwani. Amefundisha historia sekondari miaka thelathini na ushee, na ukimtajia mwaka umemwagia petroli kwenye jiko. "1888," akasema, "ndio mwaka kampuni ya Wajerumani ilipochukua pwani yetu, na Abushiri akawainukia kule Pangani. Sisi tunawafukuza Wajerumani, wenzetu wanafungua duka lenye jina la Kijerumani." Maana duka la namna hiyo huko huitwa deli, na deli, kama hamkuwa mnajua, ni kifupi cha Delikatessen, vyakula vizuri vya kuchagua. Neno hilo lilivuka bahari na wahamiaji wa Ulaya, na New York waliolishika likashikika ni Wayahudi wa Ulaya Mashariki, waliokuja na mapishi yao ya nyama za chumvi. Pastrami yenyewe ina asili ya Waromania, na nyuma yao Waturuki: nyama ya ng'ombe inalala kwenye chumvi na viungo kwa wiki kadhaa, inafukizwa moshi, inapikwa mpaka inalegea, kisha inakatwa vipande na kulundikwa kwenye mkate wa nafaka ya rai uliopakwa haradali. Nyama inakuwa nene kuliko mkate. Mmarekani akaonyesha kwa vidole, Dogo akameza mate.

Kilichonivutia mimi kilikuwa mambo mawili. La kwanza, pale mlangoni unapewa tikiti. Kila unachochukua kinaandikwa humo, ukitoka unalipa. Na ukiipoteza, hata kama hukuonja kitu, unatozwa faini. Kadi ya kliniki hiyo! La pili, yule mkataji nyama, kabla hajakufungia, anakukatia kipande cha moto anakiweka kwenye kisahani mbele yako uonje.

"Hee, sasa huyo ndiye mtu," Fundi akadakia. "Huyo kasema karibu."

"Anasubiri bahashishi, mjomba."

"Asubiri. Karibu ameisema."

Lakini Katz's ni kwa wageni na sikukuu. Mmarekani ameingia mara moja tu tangu afike huko, na aliyelipa ni mtu mwingine. Mchana wake wa kila siku unatoka kwenye kona. New York imejaa viduka vya kona visivyofungwa usiku wala mchana. Wengine huviita deli, wengine bodega, ambalo ni neno la Kihispania la ghala, waliloliacha Wapuerto Riko waliokuwa na maduka hayo zamani, kabla ya Wadominika kuyashika. Siku hizi ukiingia, kwenye kaunta katikati ya sigara, betri, pampasi na tiketi za bahati nasibu, atakayekuuliza unataka nini mara nyingi ni Myemeni.

"Myemeni!"

Msinione nimepaza sauti peke yangu. Benchi zima lilipaza. Ni kama mtu akwambie kafika ncha ya dunia akakutana na jirani yake ananunua chumvi. "Mshihiri huyo!" akasema Fundi, na macho yakamrudi nyuma miaka hamsini. Utoto wake mtaani kwao ulikuwa na duka la Mshihiri kwenye kona, chumba kimoja, mbele duka nyuma kitanda. Mshihiri hakulala. Ukienda alfajiri yuko, ukienda usiku unagonga dirisha anafungua. Alikuuzia nusu ya robo ya sukari. Alikukatia nusu boflo, akaipasua, akaipaka siagi kwa kisu kilekile cha sabuni, akakufungia kwenye gazeti, nawe ukaenda shule unanusa. Deni aliandika kwenye daftari kwa Kiarabu, hivyo hukujua kakuandikia shilingi ngapi, na hukuthubutu kuuliza.

Nusu boflo na siagi, ndani ya gazeti, unatembea. Fundi akanyamaza ghafla. Niliona kwamba amejisikia alichokisema. Miaka hamsini iliyopita yeye mwenyewe alikuwa mtu wa tekawe, wala hatukumbuki alimpa nani karibu njiani. Lakini mtoto ni mtoto, tumsamehe.

Muuza kahawa naye, ambaye huongea mara moja kwa mwezi, akagonga vikombe vyake akasema na hii je? Akanyanyua birika. Kweli bwana. Mwambao mzima, Unguja hasa, waliozunguka mitaani na birika la shaba na makaa chini yake walikuwa Washihiri, waliokuja kwa majahazi na upepo wa kaskazi kutoka pwani ya Hadhramaut. Sisi tumekaa chini ya mkungu tunamcheka mtu anayelishwa na Myemeni, na mikononi tumeshika vikombe tulivyofundishwa kushika na Myemeni.

Mmarekani akatusahihisha kwamba wale wake si watu wa Hadhramaut; wengi ni wa nyanda za juu, pande za Ibb. Sawa. Sisi hatukuwa tunakagua pasi za kusafiria.

Basi Shehe akauliza swali ambalo sote tulikuwa tumelikalia. "Hao ndugu zetu, hiyo nyama wanayouza..."

Kijana akakuna kichwa. Sandwichi ya asubuhi inayopendwa kuliko zote New York, akasema, ni yai, jibini na vipande vya nguruwe vya kukaanga. Wapo wanaouza na roho zao hazijatulia. Wapo waliogoma, wanaweka bata mzinga aliyekatwakatwa afanane na huyo mwingine. Na bia? Hivyo hivyo, wengine ndiyo wengine hapana.

Shehe akasonya msonyo mrefu mpaka kuku wa jirani akageuka. Mimi nilitazama pembeni, kwa sababu kibanda cha kubeti kilichoegemea ukuta wa nyumba fulani mtaani humu, kodi yake ya pango inapokelewa na nani, nisiseme. Mwenye duka ana watoto, wana ada, na mteja anataka anachokitaka. Hili Ilala tunalijua bila kupanda ndege.

Sandwichi ambayo Mmarekani mwenyewe anaila, na alipoieleza uso wake ulibadilika ukawa wa mtu anayemtaja mchumba, ni ile wanayoiita chopped cheese. Nyama ya kusaga inatupwa kwenye bamba la moto pamoja na vitunguu, muuzaji anaikatakata kwa upawa wa chuma, ka-ka-ka-ka, jibini linayeyushwa juu yake, halafu yote yanasukumwa ndani ya mkate mrefu wenye nyanya, saladi, mayonezi na tomato. Inakatwa nusu, inafungwa, dakika nne uko barabarani. Chakula cha Harlem na Bronx hicho, cha watu wa kipato cha kawaida. Ukiuliza kilianzia wapi wengi watakutajia duka moja la kona East Harlem, barabara ya 110. Na vijana wa huko, Weusi kwa Walatino, wanapoagiza humwita muuzaji "ock". Nipe moja, ock. Ongeza pilipili, ock.

"Oki ndiyo nini?" akauliza Mzee wa Redio.

"Akhi, babu. Walisikia Wayemeni wanaitana akhi, wakaokota."

Ndugu yangu! Kijana wa Harlem ambaye hajui alifu wala bee anaingia dukani anaagiza mkate kwa kumwita mwenye duka ndugu yangu, na hajui kama ndicho anachosema. Hapo nilikaa kimya kidogo. Mji ambao mtu anaweza kula miaka kumi na moja bila kuambiwa karibu, umeokota neno hilo katika maneno yote ya Kiarabu.

Na undugu wenyewe uliwahi kupimwa. Mwishoni mwa Januari 2017 Trump alipotia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba wasiingie Marekani, Yemen ikiwemo pamoja na jirani zetu Wasomali, Wayemeni hawa walifanya jambo ambalo wenye duka wa kona hawalifanyi: walifunga. Tarehe 2 Februari, kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku, maduka kama elfu moja yaliteremsha milango, wenyewe wakaenda kukusanyika Brooklyn, wakaswali palepale uwanjani. Mzee wa Redio alikumbuka kulisikia kwenye taarifa ya habari. Mmarekani yeye alilikumbuka kwa tumbo. Siku ile, akasema, alizunguka na baiskeli yake vichochoro vinane akitafuta mkate, kila alikofika mlango umeteremshwa, na ndipo alipojua kwamba mtu aliyemlisha miaka yote hiyo ana kwao.

Dogo akauliza kama ni kweli maduka hayo yana paka, ameona kwenye simu. Yana paka, tena wananenepa, wanalala juu ya mikate. Sheria ya afya inakataza mnyama mahali pa chakula. Sasa mwenye duka achague: akimweka paka mkaguzi anampiga faini, akimwondoa panya wanakuja, na mkaguzi anampiga faini ya panya. Wengi wamechagua paka. Hata mimi.

Lakini mimi sikuwa nimesahau hoja yangu. Nikamgeukia. "Mwanangu, huyo akhi anakujua. Ukiingia hasemi neno, anaanza kukatakata, maana anajua unakula nini. Mkataji wa Katz's anakuonjesha. Nyie watu mnaoishi na wauzaji wenye adabu hivi, kwa nini nyie wenyewe mnakula kama wezi?"

Akafikiri. Nampa heshima yake, alifikiri.

"Mjomba, mimi saa ya chakula cha mchana ndiyo saa yangu ya kazi. Kuanzia saa tano mpaka saa nane nabeba chakula cha watu. Naingia deli, nachukua mifuko sita, hakuna hata mmoja wangu. Nakula saa nne asubuhi au saa kumi jioni, juu ya baiskeli, kofia ngumu kichwani, mguu mmoja chini. Simu mkono wa kulia, maana kazi inaingia kwenye simu na ukichelewa inachukuliwa na mwingine. Sandwichi mkono wa kushoto. Sasa karibu nimwambie nani? Taa za barabarani?"

Sheria ya kazi ya jimbo la New York inampa mfanyakazi nusu saa ya kula mchana. Lakini wanaobeba vyakula kwa kazi za kwenye simu hawahesabiwi waajiriwa. Ni watu wanaojitegemea, eti. Kujitegemea kweli! Jiji liliwawekea malipo ya chini kwa saa, yalianza Desemba 2023 baada ya kuvutana mahakamani na makampuni, jambo jema. Ila nusu saa ya kukaa chini na mkate wako, hiyo hakuna aliyewapa.

Msonyo niliokuwa nimeuandaa ulinikwama. Sikuumeza lakini.

Maana Shehe alikuwa ameng'ang'ania neno moja tu katika yote hayo. "Mkono wa kushoto?"

"Wa kulia una simu, Shehe."

"Simu ingekaa kushoto."

"Kushoto kidole hakina wepesi."

Mwalimu akaona nafasi yake. Ugonjwa huu wa kula huku mkono mwingine una kazi, akasema, ulizaliwa pamoja na sandwichi yenyewe. Jina limetokana na Lodi mmoja wa Uingereza, John Montagu, Earl wa nne wa Sandwich, aliyezaliwa 1718 akafa 1792, na aliwahi kuongoza jeshi la majini. Mfaransa mmoja aliyeitembelea London aliandika kwamba kigogo wa serikali alikaa kwenye meza ya kamari saa ishirini na nne, hakutaka kuinuka kula, akawa anatafuna nyama iliyobanwa kati ya vipande viwili vya mkate huku anacheza. Wanaomtetea Lodi wanasema hapana, meza ilikuwa ya ofisi, mtu alikuwa mchapakazi. Vyovyote iwavyo, kufikia 1762 mwanahistoria Edward Gibbon ameshaliandika neno sandwichi kwenye shajara yake kama jina la chakula.

"Swali," Shehe akainua kidole. "Karata alizishika mkono gani?"

Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na jibu.

"Basi!" Shehe akasema. "Wa kulia. Na mkate je? Chakula chenyewe kimebuniwa ili mkono wa kushoto upate kazi."

Kesi ingeishia hapo kwa ushindi, kama si Dogo, aliyekuwa anacheza drafti na Fundi muda wote huo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya ubao umeshika kizibo cha soda, anatafakari pa kula. Wa kushoto ulikuwa mdomoni, una kipande cha muhogo wa kukaanga. Tukamwangalia wote. Akashusha muhogo taratibu kama mwizi wa kuku. "Ilikuwa zamu yangu," akasema.

Lodi wa Ilala huyo.

Mzee wa Redio akaona mazungumzo yanamwelemea kijana wa watu, akaleta kodi. Kodi hupoza mambo kijiweni, maana humo wote tuna maumivu sawa. Alisikia, akasema, kwamba New York wana mkate wa duara wenye tundu katikati. Ukiununua mzima ukaondoka nao, hakuna kodi. Mwenye duka akiupasua kwa kisu, kodi.

Tukamkatalia. Mmarekani akathibitisha. Beigeli nzima ni bidhaa ya mkate kama mkate mwingine. Ikipasuliwa au ikipakwa kitu imekuwa chakula kilichoandaliwa, inatozwa kodi ya mauzo, ambayo New York inakaribia asilimia 9. Mwaka 2010 maofisa waliyafuatilia maduka juu ya jambo hilo na watu wakapiga kelele. Sandwichi ndiyo usiseme, inatozwa tu, na kwa kitabu cha kodi cha huko hata nyama iliyokunjwa kwenye chapati inahesabiwa sandwichi.

"Kwa hiyo kinachotozwa ni kisu," akasema Fundi, mtu wa mkasi.

"Kinachotozwa ni kisu," akakubali Mzee. "TRA wasisikie."

Ni hilo la kisu lililonirudisha kwenye kitu ambacho kijana alikipita haraka. Alisema inakatwa nusu, inafungwa. Nikamwuliza: kwa nini nusu? Mlaji ni mmoja, anakula peke yake, juu ya baiskeli, kichwani kofia. Nusu ya pili ya nani?

"Ndivyo wanavyofanya, mjomba. Hata usipoomba."

"Nani alianza?"

"Sijui. Ni rahisi kushika."

Rahisi kushika! Mfyuuu. Mimi nasema hivi, na msininukuu kwa Mwalimu: huyo akhi wa Ibb, kama yule Mshihiri wa Fundi, kama Mama Wali ambaye hajawahi kupakua sahani bila kuongeza kijiko cha mchuzi ulichosema umetosha, mkono wake hauwezi kukabidhi chakula kizima kwa mtu mmoja. Anakata nusu kwa sababu mkono unajua kuna mtu wa pili. Ni mnunuzi ndiye anayetoka mlangoni na nusu mbili akasahau.

Mmarekani hakujibu. Aliinuka akavuka barabara. Tukadhani kakasirika, na Fundi akaanza kunilaumu kwa macho. Kumbe kijana kaenda kwa mkaanga chipsi. Tukamwona anaelekeza kwa mikono. Mkaanga chipsi anakataa, anaelekeza tena, anakubali. Mishkaki mitatu ikachomolewa kwenye vijiti vyake ikamwagwa kwenye kikaango na vitunguu, halafu tukausikia ule mlio, ka-ka-ka-ka, upawa kwenye chuma, mpaka Mama Wali akatoka jikoni kwake na mwiko mkononi kuja kuangalia ni nini. Jibini hakuna, yakapasuliwa mayai mawili. Mkate ukatumwa dukani, boflo nzima. Akarudi nayo imefungwa kwenye karatasi za daftari la mwanafunzi, mafuta yameshalowesha hesabu za kugawanya, na kisu cha mkaanga chipsi mkono mwingine.

Akasimama mbele yetu. Hakukaa.

"Karibuni," akasema.

Hakuna aliyejibu starehe. Watu saba waliinuka kwa mpigo kwenda kwenye ndoo ya muuza kahawa kunawa, Mwalimu akiwa wa kwanza, na maji yakaisha kabla ya zamu yangu.

Akaikata nusu. Akakata nusu ya nusu. Mzee wa Redio akawa anatazama kisu kinavyoshuka, anahesabu kodi kwa sauti. Nusu ya nusu ya nusu, vipande vinane, na vya pembeni vikawa mkate mtupu, ndivyo vilivyotuangukia mimi na Dogo. Shehe alikaa vizuri, akapiga bismillahi, akapokea kwa mkono wa kulia. Mmarekani alikula chake amechuchumaa, simu yake ikaita mfukoni, akaiacha iite.

Kipande kilikuwa tonge mbili. Pilipili ilikuwepo, chumvi haikukolea. Mzee wa Redio alimeza, akajilamba kidole, akatulia kidogo kama anayesikiliza kama kuna kingine kinachofuata, kisha akamgeukia kijana kwa upole kabisa.

"Mwanangu, tamu. Sasa chakula kinakuja saa ngapi?"